Nikimpata Nitasimama

Karatu,
9 Juni 2024

Kwa kaka yangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima. Mvua zimekatika mapema kidogo, lakini mahindi yameshika, na maharage ya ngwara yametambaa mpaka kwenye ua wa jirani. Mume wangu Clemensi bado yuko Mang'ola na vitunguu vyake. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili, ananuka vitunguu mpaka kofia. Angelina yuko kidato cha pili sasa na ameanza kunisahihisha Kiingereza mbele za watu. Baba anakula vizuri. Macho ndiyo yanazidi kufifia, ila masikio, Mungu wangu, anasikia hata sufuria ikifunikwa.

Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Nikikupigia simu, baba yuko pale sebuleni anasikia kila neno. Nikitoka nje niongee kwa uhuru, wewe unasema mtandao unakata. Nikikutumia ujumbe unausoma, halafu kimya. Karatasi haikati mtandao, kaka.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita tulipata habari ya msiba Endulen. Amefariki mzee Metui, yule rafiki wa baba tangu enzi zile baba akiendesha lori la shamba la kahawa kule Oldeani. Baba akasema lazima akamzike rafiki yake. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua pikapu ya Clemensi, tukaenda.

Njia ile unaijua. Ukishapita lango la Lodoare lami inaisha, msitu unakubana pande zote, na ukungu unashuka mpaka kwenye boneti. Mimi naipita karibu kila siku nikiendesha watalii wanaokwenda kreta, naijua kama jiko langu. Kupanda hakukuwa na neno. Wakati wa kurudi, tunateremka, tukaifikia ile kona kali yenye korongo chini yake. Nilikuwa gia ya pili, mwendo wa mtu mzima. Mara baba akanyanyua mguu wa kulia akaukandamiza sakafuni kwa nguvu zote, kama mtu anayekanyaga breki, mikono imeng'ang'ania dashibodi. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

“Marsela, funga mlango.”

Mlango ulikuwa umefungwa, kaka. Na Marsela ni jina la mama, si langu.

Nikamuuliza, “Baba, unasemaje?” Hakujibu mpaka tukafika getini. Pale akaomba maji, akanywa, akaanza kuzungumzia habari za mbuzi.

Mimi mama simkumbuki hata sura. Nilikuwa mchanga, siku ile waliniacha kwa bibi. Ninachokijua ni kile ambacho kila mtu anakijua: lori lilikatika breki kwenye mteremko ule, mama akatupwa nje, baba na wewe mkapona, na tangu siku ile baba hajashika usukani tena wala hakuoa. Lakini wewe ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa mle ndani.

Mlango wa nini?

Msalimie wifi Selestina na watoto. Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Rahel


Mpanda,
4 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Rahel,

Milele amina. Nimepokea bahasha yako salama, ingawa ilichelewa kunifikia, na mimi nimechelewa zaidi kuishughulikia. Nisamehe. Wodini tuko wachache na wagonjwa ni wengi. Kiangazi hiki malaria imekataa kupungua. Selestina anakusalimu sana. Amefungua genge la maharage na karanga karibu na stendi na linakwenda vizuri. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili ya mbele na anauma kila kitu, hata rozari. Asali ya huku mwaka huu ni nyeusi na nzito. Nitatafuta mtu wa kuaminika anayekuja Arusha nimpe madumu mawili, moja la baba.

Kuhusu macho ya mzee, mpeleke kliniki mapema. Usingoje apate giza kabisa. Na kama ni mtoto wa jicho, upasuaji wake ni mdogo, asiogope.

Kuhusu lile ulilouliza, nadhani usilipe uzito. Baba ni mzee, na wazee huota hata mchana. Alikuwa anatoka kumzika rafiki yake, kichwa kimejaa wafu. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema lolote. Ninachokuomba, usimpitishe tena kwenye njia ile.

Na wewe mwenyewe uwe mwangalifu. Najua unaendesha vizuri, kila mtu ananiambia. Lakini nimeshona watu wengi hapa wodini, Rahel, waliokuwa wanaendesha vizuri. Gari lenye breki nzima huua vilevile. Ukiona dereva mwenzako amekukorofisha, mwache aende zake. Hata akutukane, mwache.

Mwambie Angelina asome. Msalimie shemeji.

Amani ya nyumba yenu isipungue.

Kaka yako,
Adrian


Karatu,
1 Septemba 2024

Kaka Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, isipokuwa baridi. Mwaka huu baridi ya Karatu imetuingia mifupani. Baba analala na koti. Asali haijafika, huyo mtu wako wa kuaminika labda ameionja njiani. Kliniki tulikwenda, wamesema ni mtoto wa jicho kweli, na wamempangia tarehe. Anaogopa, lakini anajifanya anakasirika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Umeandika maneno mengi kunizuia nisiulize, halafu ukaandika moja lililonifanya niulize zaidi. Nani aliyekuambia habari za gari lenye breki nzima? Mimi nilikuuliza juu ya lori lililokatika breki.

Sasa nikueleze jambo ambalo simu haikulibeba. Ulipokuwa unaniandikia kwamba nimwache dereva aliyenikorofisha aende zake, ulikuwa umechelewa. Lilikuwa limeshatokea.

Ilikuwa Julai. Nina wageni watatu, mzee na mke wake na binti yao, watu wapole, wanashangaa hata nyani. Tumepita geti, tunapanda. Nyuma yangu likaja gari la kampuni nyingine, jeupe, linawasha taa, linapiga honi. Pale hapapitiki, unapajua. Nikawasha indiketa kumwonyesha asubiri nifike penye upana. Hakusubiri. Akapita upande wa ukuta wa mlima, akaning'oa kioo cha pembeni, akanimwagia tope lote la barabara kwenye kioo cha mbele. Akapunguza kidogo, akatoa kichwa dirishani, kijana tu, akapiga kelele, “Mama, nenda kapike!”

Nimesikia hayo maneno tangu siku ya kwanza nilipopata leseni, na nikayameza kila mara. Siku ile hayakushuka. Sikumbuki nilivyobadilisha gia. Nakumbuka waipa zinapaka tope huku na huku, na taa zake nyekundu zinaonekana, zinapotea. Tulifika juu, tukashika njia ya ukingoni, kulia ni kreta yenyewe imejaa ukungu kama bakuli la maziwa, mimi bado niko nyuma yake. Yule bibi mgeni akaanza kunigonga begani. Ananiambia kitu, kwa lugha yao, kwa upole kwanza, halafu kwa kilio. Nikautupa mkono wake. Nikamjibu kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo:

“Nikimpata nitasimama!”

Mbele, kwenye ukungu, akatokea mwanamke wa Kimaasai na punda wake wamebeba maji. Nilikanyaga breki mpaka nikainuka kitini. Yeye nilimkosa. Punda wa nyuma sikumkosa.

Mwanamke yule anaitwa Nanyokie, jina lake nililijua baadaye. Hakunipigia kelele. Alipiga magoti, akaweka mkono kwenye shingo ya punda, akaacha hapo mpaka punda akatulia kabisa. Maji yanamwagika kwenye madumu, yanapita chini ya magoti yake. Kisha akaja dirishani kwangu, akaniuliza:

“Unamkimbiza nani?”

Nikanyoosha kidole mbele. Mbele hapakuwa na gari lolote, kaka. Hapakuwa hata na sauti ya gari. Akaangalia pale nilipoonyesha, akaniangalia mimi, akarudi kwa punda wake.

Ofisini wameniondoa kwenye usukani. Naosha magari na kuwapokea wageni kwa juisi. Clemensi nimemwambia ilikuwa ajali ya ukungu. Angelina sikumwambia kitu, lakini Jumapili iliyofuata nilipowasha pikapu twende misani, akasema atatembea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Mama, ukishika usukani unakuwa mtu mwingine, na huyo mtu mimi simjui.”

Mimi pia simjui. Ndiyo maana nakuuliza, bila kuzungukazunguka: mama alikufaje?

Rahel


Mpanda,
20 Oktoba 2024

Rahel,

Barua ilifika. Sisi wazima.

Yale maneno uliyomjibu yule bibi mgeni, nani alikufundisha? Ni baba alikuambia? Ni mama mkubwa Bibiana? Niambie ukweli. Mpaka nijue hilo siwezi kuandika kingine.

Niombee.

Adrian


Karatu,
24 Novemba 2024

Kaka,

Hakuna aliyenifundisha. Yalitoka tu mdomoni. Mpaka sasa sijui unaniuliza nini, na kujua kwamba wewe unajua kunaninyima raha.

Baba amepasuliwa jicho la kulia, Mungu ametenda, anaona. Juzi mama mkubwa Bibiana alikuja kutoka Endamarariek kumtazama, kapanda bodaboda na umri wake ule, kiroba cha ngwara mgongoni. Kama kila mwaka. Alikaa karibu na baba, akamshika mkono, akamwambia Angelina: “Babu yako huyu, mdogo wangu alipokufa, aliuweka usukani chini kama mtu anavyoweka silaha chini. Wanaume wa namna hiyo hawapo tena.” Angelina akamtazama babu yake kwa heshima. Mimi nilikuwa namtazama baba. Kwa jicho lake jipya alikuwa anatazama mlango. Sio Bibiana, sio mtoto. Mlango.

Alipoondoka Bibiana, baba hakula.

Noeli unakuja? Kila mwaka unasema likizo imekataliwa. Wewe hujakanyaga Karatu tangu ndoa yangu, na siku ile ulishukia Mto wa Mbu ukapanda mlima kwa miguu, tukacheka kwamba umekuwa padre wa hija. Hujajifunza kuendesha hata pikipiki. Mimi mjinga, nilidhani ni uoga wa kawaida.

Kaka, nina mtoto anayeniogopa. Usiniache gizani na mtu huyo aliyemo ndani yangu.

Rahel


Mpanda,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Rahel,

Heri ya mwaka mpya. Mvua zimejaa huku, barabara ya kuja kwenu imekatika mahali, lakini sitajificha nyuma ya barabara. Selestina ndiye aliyeniambia niandike. Nilimsomea barua zako zote. Tumeoana miaka yote hii, na hajawahi kujua.

Hakuna breki iliyokatika.

Tulikuwa tunarudi kutoka juu. Baba alikuwa amepeleka mahindi, lori tupu, na mama alikuwa amekwenda naye kuuza viazi. Mimi nilikaa katikati yao. Nilikuwa na furaha kwa sababu baba aliniruhusu kushika kirungu cha gia chini ya mkono wake. Kabla ya kuanza kuteremka, gari dogo aina ya Landrova likatupita kwa fujo, jiwe likaruka, likapasua kioo cha mbele upande wa mama. Kikabaki na nyufa kama utando wa buibui. Dereva wake akatoa mkono nje, kama anatupungia. Ni hilo tu. Nimelifikiria maisha yangu yote na sijapata kingine cha kuongeza. Mtu alipunga mkono.

Baba akautoa mkono wangu kwenye gia. Akaanza kumfukuza.

Mama akasema, “Kornelio, mwache.” Baba akaongeza mwendo. Kona ya kwanza viazi vilivyobaki vikamwagika miguuni kwetu. Kona ya pili mama akaanza kusali kwa Kiiraqw, halafu akaacha kusali. Akasema taratibu kabisa, kama anayezungumza na mtu kwenye mlango wa kanisa, “Kornelio, simama nishuke na mtoto. Wewe endelea.”

Baba akasema, “Nikimpata nitasimama.”

Sasa unajua kwa nini barua yako ya Septemba niliiweka chini ya godoro. Wewe ulikuwa kwa bibi, unanyonya kidole. Hukuwa mle.

Kwenye ile kona baba alilazimika kupunguza. Lori lilienda polepole kabisa, hata mimi ningeweza kukimbia kando yake. Mama akafungua mlango. Baba akaona, akapiga kelele, “Marsela, funga mlango!” lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kukanyaga mafuta kwa ajili ya mteremko unaofuata. Mama akanishika mkono. Akasema, “Twende, baba.” Aliniita baba, kama anavyoniita akinibembeleza. Na mimi nikashika kiti.

Nilishika kiti kwa mkono wangu mwingine, Rahel. Nilimwogopa baba kuliko nilivyoliogopa korongo. Mkono wa mama ukatoka kwenye wangu. Mlango ukajipiga mara moja, ukafunguka tena, na pale alipokuwa amekaa pakawa na ukungu.

Baba alisimama mbali, chini. Tulipanda kwa miguu tukiita. Tulipomkuta alikuwa amelala vizuri kwenye majani, kama mtu aliyechagua mahali pa kupumzika, na baba akakaa naye muda mrefu. Kisha akanishika mkono tukarudi kwenye lori. Akachukua spana, akaingia chini. Niliona miguu yake tu. Mafuta ya breki yakaanza kutiririka barabarani. Akatoka, mikono inang'aa, akachuchumaa mbele yangu, akasema, “Adrian, breki zilikatika. Umesikia? Breki zilikatika.”

Nikasema nimesikia. Polisi waliponiuliza, nilisema hivyo. Bibi aliponiuliza, nilisema hivyo. Mama mkubwa Bibiana alinipakata msibani akaniuliza kama dada yake aliumia sana, nikamjibu kuhusu breki.

Sikuambii haya umchukie baba. Hajawahi kunipiga tangu siku ile, wala kunifokea. Tulikaa nyumba moja mpaka nikaenda chuo, na kila tulipokula tulikuwa watatu, mimi na yeye na lile neno. Nilikimbilia huku Mpanda kwa sababu ndipo mbali zaidi waliponipangia.

Ninachojiuliza usiku na mchana ni yale maneno yalikujaje kwako. Mimi ni muuguzi, najua damu inarithisha nini. Hilo silijui.

Ukiwa na nguvu ya kunisamehe kwa kukuficha, nijulishe. Ukiwa huna, nijulishe vilevile.

Adrian


Karatu,
16 Machi 2025

Kaka yangu Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tupo. Asali imefika hatimaye, dumu moja, la pili sijui. Angelina anaipaka kwenye kila kitu. Clemensi nimemwambia yote, kuanzia punda mpaka mama. Akaenda kukagua tairi za pikapu, ndivyo anavyohuzunika yeye.

Wewe huna deni la kuniomba mimi samahani. Ulikuwa na miaka minane. Nina mtoto mkubwa kuliko wewe ulivyokuwa, na angeshika kiti. Ningetaka ashike kiti. Nasema hivi nikijua mama alitaka kinyume chake, na nimelia kwa ajili hiyo, lakini ungemfuata mama leo ningekuwa namwandikia nani?

Barua yako nilikaa nayo. Nilikuwa nampa baba uji, namwosha nguo, sizungumzi. Yeye anasikia sufuria ikifunikwa, angeshindwaje kusikia ukimya wangu? Siku moja asubuhi, nje, anaota jua, akaniuliza bila kugeuka, “Adrian ameandika nini?”

Nikamsomea. Nilidhani atanikatisha. Hakunikatisha hata mara moja. Nilipofika kwenye mikono inayong'aa mafuta, akasema kwa sauti ndogo, “Kumbe spana hakuisahau.” Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka jina lako. Kuku wakapita kati yetu. Kisha akasema:

“Mwambie Adrian breki zilikuwa nzima. Mwambie ni mimi nimesema. Asilibebe tena.”

Basi nimekuambia.

Nikamuuliza lile lililokuwa linaniumiza: “Baba, yale maneno nimeyapata wapi?” Akafikiri. Akasema hajui. Akasema baba yake mwenyewe aliyasema akifukuza ng'ombe wa mtu shambani, na mama yake akimshika shati. Halafu akasema, “Nilidhani nimeyaacha barabarani. Mimi niliacha usukani tu.”

Siku chache baadaye akataka nimpeleke Endamarariek kwa mama mkubwa Bibiana. Nilimwambia si lazima, ni mzee mwenzako, mwache na picha yake nzuri. Akasema, “Picha hiyo ndiyo inayoninyima chakula.”

Tulimkuta Bibiana anapepeta ngwara. Baba hakukaa kwenye kiti alicholetewa. Alisema akiwa amesimama, kwa Kiiraqw, polepole, na hakujitetea popote, hata jiwe na kioo hakuvitaja. Alisema, “Aliniomba nisimame, sikusimama.” Bibiana aliendelea kupepeta mpaka maneno yakaisha. Akaweka ungo chini. Akauliza jambo moja: “Alikuita?”

“Aliniita.”

“Kwa jina lako?”

“Kwa jina langu.”

Bibiana akainuka, akaingia ndani. Hakufunga mlango, lakini hakutoka. Tulingoja mpaka tukaona tunamwonea. Tangu siku hiyo hajaja kwetu wala hajatuma salamu. Baba anasema ni haki yake. Nami sijui kama ataturudia, kaka, huenda tumempoteza. Sitakuandikia kwamba mambo yameisha vizuri.

Lakini nataka ujue lililotokea njiani tukirudi.

Tuko kwenye barabara ya vumbi, jua bado liko juu, mimi na baba. Lori la vitunguu likatoka nyuma, honi juu ya honi, likatupita kwa ubavu kiasi kwamba nilitumbukiza tairi moja kwenye mtaro. Utingo wa juu ya magunia akatuzomea. Nilimsikia akija, yule mtu ambaye Angelina hamjui. Anaanzia mikononi. Usukani unakuwa mwepesi, na macho hayaoni kingine ila lile bodi la nyuma la lori. Nilishaingiza gia ya tatu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

Sikusali, sikuhesabu, sikufanya lolote la maana. Nilitoa mguu tu. Nikakata kushoto, nikaingia kwenye majani ya mtu, nikazima injini. Vumbi la lori likatupita, likatua. Nilikasirika bado, nisikudanganye. Nilikaa pale nimekasirika, gari limezimwa, na hapakuwa na mtu aliyekufa.

Baba aliangalia lori likiishia kwenye mteremko. Kisha akafungua mlango wake mwenyewe, akashuka kwa kushikilia, akasimama kwenye majani. Akaangalia barabara mbele, akaangalia nyuma. Nikamfuata, nikadhani anaumwa. Alikuwa analia kama ambavyo sijawahi kuona mwanamume wa umri wake akilia, mdomo wazi, bila kujifunika. Akaniuliza:

“Rahel, ni hivi tu? Kusimama kulikuwa hivi tu?”

Nilimshika mkono, tukasimama pale barabarani mpaka alipokuwa tayari kupanda.

Ndimi mdogo wako,
Rahel